Hesabu ya Konokono

Amekuja kijana wa afya, Faki Msanifu,
na upawa wa bati uliofungwa kwenye fimbo.
Anachota maji ya mtaro wetu, anamimina kwenye beseni,
anahesabu konokono kwa sauti ya chini
kama mtu anayehesabu fedha za watu.
Kumi na saba. Arubaini. Anaandika.
Nami nimeinama, maji yako magotini,
nang'oa ndago, sina mkono wa kumpungia.

Zamani bonde hili la Kwambale lilifuata amri ya mvua:
masika likijaa, kiangazi likipasuka
kama kisigino changu,
na konokono akijizika mwenyewe, asidai sanda.
Ukaja mfereji wa saruji. Tulipiga vigelegele, sikatai:
mpunga mara mbili kwa mwaka,
deni la dukani kwa Mbarouk likafutika.
Hakuna aliyetwambia
kwamba konokono naye kapewa misimu miwili.

Mwanangu Chumu nilimtuma mimi, asisingiziwe mtu.
Nilimwambia: kaamie, chiriku wamezidi.
Akakaa siku ishirini na debe na kijiti,
maji mpaka mapajani,
akipiga debe, akizomea, akikojoa alipobanwa.
Siku moja kasimama nyuma ya banda,
kaniita kwa sauti isiyo yake:
Mama, njoo uone.
Mchanga ulikuwa mwekundu.

Baba yake alicheka. Enzi zao
mkojo wa damu ulikuwa barua ya balehe:
mvulana kafika, atafutiwe mchumba.
Alicheka, kisha akashika kiuno, akakaa kitako,
kwani barua ile yeye hajaacha kuipokea,
na mwaka jana jaluba la tatu lililiwa na ndago
yeye amelala, akihesabu boriti.

Skuli wamemsimamisha mwanangu kwenye ubao wenye alama
kama kitambaa kwa fundi:
urefu huu, vidonge viwili na nusu.
Visimezwe na tumbo tupu, wamesema.
Wakawapikia uji.
Mchele umetoka wapi? Bondeni kwetu.
Kanywa uji wa Kwambale
ili ameze dawa ya Kwambale.

"Msiingie majini jua likiwa utosini," kasema Faki,
"saa hizo ndipo vijidudu vinapomtoka konokono."
Haya. Nikaenda alfajiri. Alfajiri ni ya mbu.
Magharibi ni ya mbu. Adhuhuri ni ya konokono.
Nikamuuliza: na yangu mimi ni saa ngapi?
Kafuta miwani. Ni kijana mwema.
Wiki ya pili kaleta viatu vya mpira,
jozi moja kwa wanawake tisa;
cha kushoto kimebaki tumboni mwa tope,
na Bi Time kasema tukiache,
konokono naye avae.

Na hili nitalisema, ingawa lina aibu:
choo kiko juu kilimani, muhogo unaiva hujarudi.
Tunachutama pale pale ukingoni
kwa sababu maji ya kujisafishia yako pale pale.
Tunachompa mtaro asubuhi
mchana anaturudishia ngozini.
Hesabu hiyo Faki hakuwa nayo daftarini.
Nilimwambia aiandike. Akaandika bila ya kuinua uso.

Mwezi huu tumechimba shimo, mimi na wifi yangu Mize,
pale mwinuko ulipo, palipokuwa na mihogo yangu.
Miche kumi na miwili nimeing'oa ingali michanga.
Mume wangu hakusema kitu kuhusu shimo;
kuhusu mihogo amesema mpaka leo.
Bado makuti ya kuzungushia. Bado ndoo.

Usiku napeta mchele wa mavuno ya kwanza.
Ungoni, kati ya chuya na vijiwe,
nyumba ya konokono, ndogo kama punje, haina mtu.
Nimeiweka kando, juu ya jamvi.
Moja, nikasema,
na mkono ukarudi ungoni.